Kobe wa Silanga Hajafa, Amelala

(Haya ni maneno tuliyoyasema mbele ya kamati za maji za vijiji vyetu huku Ukambani, kabla ya kazi ya kuzoa tope kwenye silanga kuanza. Wengi waliomba yaandikwe ili wasomewe na wale ambao hawakuweza kufika.)

  Tunajua mmekuja kusikia habari za sururu, karai na zamu za kazi. Tutafika huko. Lakini kwanza tuna jambo moja la kukiri mbele yenu, maanake tusipolikiri tutalirudia tena mwaka huu.

Jambo lenyewe ni la mwezi wa Septemba 2023. Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana ikiwa duni. Ng'ombe walikufa, watoto waliacha shule, na akina mama walilala kwenye foleni ya mitungi. Mvua ya 2023 ilisaidia kidogo, lakini kufikia Septemba silanga ilikuwa imekauka tena, na tope lilikuwa limejaa hata kukinyesha isingeweka maji ya kutosha. Basi sisi wafanyakazi wa maendeleo tukakaa na kamati, tukapanga kazi. Kikundi cha mwethya kikaitika. Kila mtu akaja na jembe lake.

Siku ya tatu kijana mmoja alipiga sururu, akasikia kitu kigumu. Alidhani ni jiwe. Akapiga mara ya pili. Kile kitu kikapasuka, na damu ikatoka. Alikuwa ni kobe wa maji, amejifukia kwenye udongo karibu na ukingo.

Kufikia saa sita tulikuwa tumewatoa wengine kumi na mmoja. Hawakusogea. Macho yalikuwa yamefungwa, shingo zimekunjwa pembeni, na ngozi imeshikana na udongo mkavu. Kuna aliyesema, "Hawa wamekufa zamani." Nasi tukakubali. Tukasema watupwe juu ya lundo la udongo, kazi iendelee. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi chini ya mgunga akatuambia, "Wanangu, hawa hawajafa. Wamelala." Tulimjibu kwa heshima, "Ni sawa, Mzee," lakini hatukumsikiliza. Tulikuwa na kazi, na tulikuwa na vyeti vyetu vya mafunzo.

Asubuhi yake wawili hawakuwepo kwenye lundo. Nyayo zao zilielekea kwenye kichaka. Tisa waliobaki walikuwa wamekufa kweli sasa. Hawakuuawa na kiangazi. Kiangazi walikuwa wanakiweza. Jua la mchana mmoja ndilo lililowaua, na sisi ndio tuliowatoa kivulini tukawaweka juani.

Oktoba na Novemba mvua ya El Niño ikaja, mafuriko mpaka madaraja yakavunjika. Silanga ikajaa hadi juu. Watoto waliokuwa wamezoea kuhesabu vichwa vya kobe juu ya maji hawakuona hata kimoja. Ndipo tulipoanza kuuliza na kusoma. Tuliyoyapata ndiyo tunawaletea leo.

KOBE HUYU NI NANI?

Wengine husema kobe ni kobe tu. Sivyo. Kasa wa baharini ana miguu kama makasia, na jike hupanda nchi kavu kutaga tu. Kobe wa nchi kavu, yule wa vichakani, ana gamba lililoinuka kama kilima, na akiogopa huvuta kichwa ndani moja kwa moja. Huyu wa silanga ni wa tatu. Gamba lake ni bapa, rangi ya tope. Miguu ina kucha na ngozi kati ya vidole, kwa hivyo anaogelea na pia anatembea. Na akiogopa, hukunja shingo pembeni, chini ya ukingo wa gamba.

Hata hao wa maji baridi wako wa namna zaidi ya moja. Wako ambao wataalamu huwaita Pelomedusa, ndio waliozoea madimbwi ya mvua. Walidhaniwa kuwa ni aina moja tu kutoka kusini mwa Afrika hadi Uarabuni, lakini mwaka 2014 wataalamu walionyesha kwamba ni aina kumi au zaidi zinazofanana. Wako pia wanaoitwa Pelusios. Hao gamba lao la chini lina kiungo kama bawaba ya mlango: hufunga sehemu ya mbele, kichwa na mikono vikabaki ndani.

Huyu kobe anajua kwamba maji ya dimbwi si ya kudumu. Dimbwi likianza kukauka ana njia mbili. Aweza kujichimbia kwenye tope lingali laini, nalo likakauka juu yake. Au aweza kutoka, akatembea nchi kavu, akajifukia chini ya majani makavu, mizizi au kichaka. Mvua ikinyesha, hutoka na kutafuta maji. Ndiyo sababu siku ya mvua ya kwanza mnamkuta akivuka barabara, nanyi mnashangaa ametoka wapi. Hakushuka na mvua, kama tulivyokuwa tukiambiana utotoni. Alikuwa hapo hapo, chini ya miguu yenu.

ANAISHIJE BILA MAJI?

Hili ndilo swali kubwa. Mtu hawezi kukaa wiki moja bila maji. Huyu anakaa miezi. Tulieleze polepole.

Kwanza, mwili wake hauna gharama kubwa. Sisi binadamu tunachoma chakula mchana na usiku ili mwili ubaki na joto lake. Hata ukilala, moto wa ndani unawaka. Kobe hana moto huo. Joto lake hufuata joto la mahali alipo, kwa hivyo chakula kidogo humtosha kwa muda mrefu.

Pili, anapolala hivyo hupunguza hata hicho kidogo. Moyo hupiga polepole. Hupumua mara chache. Hali kitu. Anatumia mafuta aliyoyaweka mwilini wakati wa mvua, kidogo kidogo, kama mama anayepima unga wa mwisho kwa kikombe badala ya kwa bakuli.

Tatu, analinda maji yake. Gamba linazuia mengi yasipotee. Udongo unampa kivuli na ubaridi. Tena, maji yaliyo katika kibofu cha mkojo hayamwagi ovyo, mwili huweza kuyarudisha na kuyatumia. Kwa kobe kadhaa waliochunguzwa, uchafu wa mkojo unaoitwa urea huachwa uongezeke katika damu, nao husaidia mwili kushika maji yasitoroke haraka. Kitu ambacho kwetu ni ugonjwa wa figo, kwake ni njia ya kuokoka.

Nne, na hili wengi hawalijui, anapumua hewa kwa mapafu kama sisi. Hana mashavu ya samaki. Udongo ukiwa na nyufa na mizizi, hewa humfikia. Udongo ukishindiliwa na trekta au magari, njia hiyo inaharibika.

Sasa sikilizeni vizuri. Hakuna hata moja kati ya haya manne linalomfanya awe wa kudumu. Ana akiba, na akiba ina mwisho. Kila tone na kila punje ya mafuta imepimwa kwa safari fulani. Ukimfukua katikati ya kiangazi, ukamwacha juani, unammwagia akiba yake yote kwa siku moja. Ndivyo tulivyofanya sisi. Na yule anayelala akiwa amekonda, kwa sababu mvua ilikuwa fupi au dimbwi halikuwa na chakula, haamki.

Kwa maneno mengine, kobe hawezi kujiandaa kwa kiangazi wakati wa kiangazi. Matayarisho yote hufanywa wakati maji yapo. Sisi tuliozunguka nyumba kwa nyumba tukiandika majina ya chakula cha msaada, tuliona jambo hilo hilo kwa watu. Aliyeuza mbuzi wawili mapema, wakati bado wana bei, akanunua mahindi, alivuka. Aliyengoja mpaka mbuzi wamebaki ngozi hakupata mnunuzi. Hatusemi haya kumlaumu mtu, maana wengine hawakuwa na mbuzi hata mmoja. Tunasema tu kwamba akiba haiozi, na msimu wa kuiweka ni ule wa neema.

YALIYOWAPATA WENZETU WA PERTH

Kuna mahali ambapo kobe wa namna hii alikaribia kabisa kwisha, na watu wakajifunza kwa gharama kubwa. Mahali hapo ni karibu na mji wa Perth, magharibi mwa Australia. Huko kuna kobe mdogo wa vinamasi ambaye kitaalamu anaitwa Pseudemydura umbrina. Si jamaa wa karibu sana wa huyu wetu, lakini maisha yao yanafanana. Vinamasi vyake hujaa wakati wa mvua za huko, kisha hukauka. Yeye hulala nchi kavu karibu nusu ya mwaka, ama katika mashimo ya udongo wa mfinyanzi, ama chini ya majani makavu na matawi yaliyoanguka.

Kwa zaidi ya miaka 100 wataalamu hawakumwona kabisa, wakadhani ametoweka. Mwaka 1953 mtoto wa shule alikuwa na mmoja, na ndipo ikajulikana bado yupo. Mwaka 1962 serikali ikatenga hifadhi mbili, Ellen Brook na Twin Swamps. Mtu angesema basi, shida imekwisha. Haikwisha. Ardhi iliyozunguka ilikuwa imegeuzwa mashamba na makazi, mbweha walioletwa kutoka Ulaya waliwafukua, na moto wa msituni uliweza kuwateketeza wale waliolala chini ya majani. Kufikia miaka ya 1980 walikuwa wamebaki chini ya 50. Mwishoni mwa miaka hiyo bustani ya wanyama ya Perth ikaanza kuwazalisha, na watoto wao wakawa wanarudishwa vinamasini.

Halafu likatokea lingine. Tangu miaka ya 1970 mvua za sehemu ile zimepungua. Kinamasi kinachelewa kujaa na kinawahi kukauka. Kobe mchanga akikosa miezi ya kula na kukua, anaingia usingizini akiwa mdogo mno, na hafiki upande wa pili. Ikabidi wasukume maji ya kisima ndani ya Twin Swamps, na mwaka 2016 wakaanza kujaribu kuwahamishia baadhi ya wadogo kusini zaidi, kunakonyesha vizuri.

Tumewasimulia haya kwa nini? Kwa sababu wenzetu wale walikuwa na hifadhi, uzio, wataalamu na fedha, na bado imewatoa jasho. Huyu wetu hajafika hapo. Bado yupo katika silanga nyingi. Kumlinda leo kunataka akili kidogo na jembe lililotulia tu. Kesho kutataka mamilioni ambayo hatuna.

"ANANIPA NINI MIMI?"

Mama mmoja alituuliza swali hilo jana, tena kwa haki. Akasema, "Mimi nina watoto watano na ng'ombe mmoja. Nataka maji. Huyo kobe ananipa nini?"

Mama, hatutakudanganya. Kobe halipi karo. Wala hasafishi maji yakawa ya kunywa. Maji ya silanga lazima yachemshwe. Anakula mizoga, konokono, viluwiluwi na wadudu wa majini, na hilo ni jambo jema, lakini hatuwezi kukwambia kwamba silanga itakauka akiondoka.

Tunachoweza kukwambia ni hiki. Kobe anataka maji, na pia anataka ukingo: ule ukanda wa nyasi, vichaka na udongo laini unaozunguka silanga. Hapo ndipo anapolala. Hapo ndipo jike anapochimba na kutaga mayai yake. Sasa jiulizeni, lile tope tulilolizoa kwa siku kumi na nane lilitoka wapi? Lilitoka juu, mashambani. Zamani nyasi za ukingo zililizuia. Sisi tukalima mpaka kwenye mdomo wa maji, tukapanda mboga, tukachoma vichaka, tukapitisha ng'ombe kila upande. Tulikuwa tunatoa kwa karai kile tulichokiingiza kwa jembe.

Kwa hivyo ukanda unaomficha kobe ndio huo huo unaozuia udongo usijaze silanga yako. Ukiuacha kwa ajili yako, yeye anaishi. Ukiufuta, mnakosa wote wawili. Hiyo ndiyo faida yako, Mama, na ni faida ya mitungi.

BASI TUFANYEJE?

Hatusemi silanga isichimbwe. Ni lazima ichimbwe, na wakati wake ni kiangazi, maana ikijaa hakuna atakayeingia na jembe. Tunaomba tu yafuatayo:

1. Tusichimbe silanga nzima kwa mara moja. Mwaka huu tuchimbe katikati na upande mmoja. Upande mwingine ungoje mwaka ujao.

2. Pale penye nyasi na vichaka ukingoni tupaache, kuanzia kwenye maji mpaka hatua thelathini hivi. Penye upara tupande nyasi. Juu ya hapo tumalize matuta ya fanya juu tuliyoyaanza, ili udongo ubaki shambani kwa mwenyewe.

3. Ng'ombe wawe na njia moja ya kushukia, iliyowekwa mawe. Wasikanyage ukingo wote.

4. Tusichome moto ukingoni kusafisha. Majani makavu ndiyo blanketi lake.

5. Karibu na ukingo tutumie jembe kwa utaratibu, na sururu ikae pembeni. Mzee mmoja au mtoto mkubwa akae hapo kazi yake ikiwa kuangalia tu.

6. Kobe akipatikana, asiitwe maiti. Achukuliwe kwa mikono miwili, apelekwe hapo hapo karibu, chini ya kichaka penye udongo laini, afunikwe kwa udongo na majani bila kushindilia. Asimwagiwe maji ya kumwamsha. Asipelekwe nyumbani. Anaweza kutoa harufu mbaya, hiyo ni silaha yake, si dalili ya kuoza. Aliyemshika anawe mikono kwa sabuni, kwa kuwa kobe huweza kubeba vijidudu vya kuharisha.

7. Asiuzwe. Mtu akija na gari akitaka kununua kobe, habari zimfikie chifu na maofisa wa wanyamapori. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kujichukulia tu.

Vijana wanaweza kusema haya yatachelewesha kazi. Ni kweli, yatachelewesha. Tumepiga hesabu na kamati: huenda zikaongezeka siku mbili au tatu. Lakini kobe huyu hukomaa polepole, kwa miaka. Wale tuliowaua kwa siku moja hawatajazwa na msimu mmoja wa mvua. Kawia ufike.

NENO LA MWISHO

Yule mzee wa chini ya mgunga tulimrudia baadaye kumwomba msamaha. Hakutukemea. Alitueleza kwamba alipokuwa kijana wa kuchunga, waliwajua kobe hawa kwa mahali wanapolala, na kwamba mchungaji aliyekuwa anachimba kutafuta maji kwenye mchanga alikuwa akimfunika kobe tena akimkuta. Tulimwuliza nani aliwafundisha. Akasema, "Hakuna aliyetufundisha. Tuliona tu kwamba asubuhi hayupo."

Sisi tulikuwa na macho hayo hayo, lakini tulikuwa na haraka. Ndiyo maana leo tumemwomba akae upande wa ukingo siku ya Jumatatu, na atakaposema "simameni", majembe yote yatasimama, hata yetu.

Mvua ya mwaka jana ilipokuja, watoto walikuja mbio kutuita. Tulikaa kimya kando ya maji karibu saa nzima. Tuliona vichwa viwili, kisha cha tatu kidogo zaidi, kikatoka, kikavuta hewa, kikazama. Huenda wawili hao ni wale waliotoroka usiku ule. Hatuwezi kuapa. Tulichoweza ni kuhesabu, na hesabu ilikuwa tatu.

Jumatatu tuanze saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kila nyumba ilete jembe moja na karai moja.